Mkanda Mlangoni

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne iliyopita, kijana mmoja aligonga mlango wangu hapa Nsambya. Alikuwa na simu kubwa mkononi na kitambulisho shingoni. Alisema kampuni fulani inataka kurudisha helikopta zake kwenye uwanja ulio chini ya kilima, na yeye ametumwa kuwauliza majirani swali moja tu.

"Mzee, wakupatie shilingi ngapi kwa mwezi ndiyo uvumilie kelele?"

Nilimwambia aketi. Kampuni hiyo niliijua kabla hajazaliwa.

Nililelewa hatua mia mbili kutoka hapa, katika nyumba za askari, chumba kimoja kwa kila familia. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mbao nyembamba. Akikohoa, tulijua kama kikohozi ni kikavu. Mahali kama hapo ungetarajia fujo mchana kutwa. Ngoja nikuambie ilivyokuwa.

Askari aliyetoka zamu ya usiku alitundika mkanda wake wa kazi nje, kwenye kitasa cha mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa amri yote. Ukiuona mkanda, unavua sapatu na kupita pekupeku. Bibi yangu, aliyetwanga karanga na simsim kila asubuhi, alibeba kinu kichwani hadi nyuma ya vyoo na kutwanga hukohuko kwenye harufu. Jirani alizima redio. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwazuia kuku wasirukie bati, kwa kupunga kitambaa, maana kuwapigia kelele kulikatazwa. Karanga zikinukia motoni, ufagio ukigusa vumbi polepole, watu wazima wakinong'onezana kama wanafunzi: huo ndio utoto wangu. Kila mtu alikilipia kimya kile kwa miguu yake au kwa shingo yake, kwa sababu kesho mkanda ungekuwa mlangoni pake.

Kisha helikopta zikaja. Ya kwanza iliruka saa moja na dakika arobaini asubuhi. Baba, aliyekuwa mlinzi wa lango usiku, alikuwa amelala nusu saa tu. Mabati yalitetemeka, masizi yakadondoka kwenye uji. Kabla ya saa nane zilipita nyingine tano, zikipeleka watu wenye pesa kutazama wanyama. Baba alijifunga shuka kichwani, akahamia chini ya kitanda.

Wiki ya pili bibi alishuka uwanjani, nami nyuma yake. Meneja alimsikiliza huku akinywa chai. Hakumpa kiti.

"Jajja, mimi nimevunja nini? Onyesha mimi kikombe moja imevunjika, nalipa leo leo."

"Usingizi ya mtoto yangu ni kikombe?" bibi alimjibu. "Wewe unalala wapi? Peleka hiyo panka yako ipige juu ya kitanda yako, kisha uniambie nini imevunjika."

Makanika walicheka. Meneja hakucheka. Jioni alituma kreti moja ya soda kambini, pamoja na karatasi ya kuonyesha kwamba tumeipokea. Hakuna aliyeisoma. Nilikunywa chupa moja na nusu, ya machungwa, na utamu wake naukumbuka kwa hasira hadi leo. Bibi aliporudi kulalamika, meneja alimsomea karatasi ile: wakazi wamelipwa, hawana madai. Akamwonyesha alama ya kidole gumba chini yake. Ilikuwa ya bibi.

Mwezi haukuisha. Mkaguzi alimkuta baba amesinzia kwenye kiti chake langoni, wakamkata mshahara wa siku saba. Baba hakujitetea. Angewaambia nini, kwamba helikopta imemwibia usingizi? Asubuhi hiyo aliingia ndani na mkanda ukiwa bado kiunoni, na hakuutundika tena. Mikanda mingine nayo ikapotea, mlango baada ya mlango. Redio ya jirani ikarudi. Bibi akateremsha kinu mbele ya nyumba, akatwanga hapo, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Sikumlaumu. Angekibeba kwa nini tena?

Hilo ndilo siwasamehe. Helikopta ziliondoka baada ya miaka mitatu, lakini kimya hakikurudi. Hakikuwa kitu cha hewani. Tulikuwa tukikitengeneza wenyewe, na tulikuwa tumeacha.

Nilikuwa mtu mzima nilipoikuta hasara yetu katika kitabu cha uchumi, kimechanika jalada, nilichokinunua kando ya barabara. Kilieleza gharama ya biashara inayomwangukia mtu asiyekuwamo katika biashara hiyo. Nilisoma ukurasa ule mara nne. Nauli ya wale watalii haikuwa na usingizi wa baba ndani yake. Ilikuwa rahisi kwao kwa sababu sisi tuliilipia nusu.

Kijana alikuwa bado anasubiri, kidole juu ya kioo.

"Andika mshahara wa siku saba wa baba yangu," nikamwambia.

"Kila mwezi, mzee?"

"Mara moja. Huo mlishauchukua. Urudisheni kwanza, halafu mje kuniuliza bei ya kelele mpya."

Alitafuta juu na chini. "Mzee, hapa hakuna mahali ya kuandika ile imeshapita."

"Andika pembeni."

Akapumua, akafungua sehemu ya maoni mengine. "Haya. Ilikuwa ngapi?"

"Shilingi elfu tisa na mia nane."