Pipa la Mchanga la Shosho

Wiki jana nilijifanya mvumbuzi, na sasa nachungulia pazia kabla ya kutoka nje. Mfereji ulikuwa umekauka, nikanunua maji ya chumvi ya kisima na kuyamimina kwenye pipa la mchanga la kuchujia maji, la marehemu shosho, nyanya aliyenilea. Bado liko nyuma ya nyumba, maana mimi na hilo pipa hatujawahi kuhama mtaa huu. Jagi la kwanza likatoka tamu kabisa. Nikaita jirani anayeuza chakula kibandani hapo langoni, akaonja, nami nikamwambia ajaze mitungi yote apikie maharagwe ya mchana.

Ungemjua shosho, ungekuwa umeshaanza kunicheka. Alipikia vibarua wa Industrial Area githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, na maji ya chumvi hayaivishi githeri: mahindi yanabaki mawe, kibarua anahamia sufuria ya mwingine, nasi jioni tunalalia uji. Kiangazi, pipa lilipitisha maji ya kisima ya kuogea. Mvua ya kwanza ikigonga mabati na harufu ya vumbi kupanda, wenzangu walikimbilia kucheza. Mimi niliketishwa chini ya pipa na kikombe, shosho akimimina maji ya mvua juu ya mchanga. Kazi yangu ilikuwa kuonja.

Chumvi. Bado chumvi. Mvua yote hiyo juu, na chini kinatoka kiangazi. Shosho alisema ya zamani yamelala ndani ya mchanga, mapya yanayasukuma, ila hayatoki kwa foleni; njiani yanashikana, mengine yanatangulia, mengine yanachelewa. Kweli chumvi ilipungua pole pole, mpaka sikujua kama bado naionja ama naikumbuka tu. Hapo ndipo alipowasha jiko. Vibarua wakija, githeri imeiva, nami nimetengewa ukoko.

Siku hizi ghorofa zimetuzunguka, mabati ya majirani yameng'olewa, na mvua haina sauti tena. Nilirithi pipa, nikasahau kikombe. Lile jagi langu tamu lilikuwa mvua ya mwezi uliopita iliyolinyeshea pipa na kulala mchangani, ikisukumwa nje na chumvi iliyokuwa nyuma yake.

Saa saba mchana siku ile, jirani alikuja na sufuria nzima, akaitua mlangoni pangu.

"Wateja wangu wameenda kwa yule wa ng'ambo. Hizi maharagwe utakula wewe, na sufuria yangu usiioshe na maji yako."