Taa ya Mkwe

Mume wangu alipomletea mama yangu ile taa ya goti, mimi niliona ujanja mtupu. Ilikuwa miaka ya tisini, naye alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyekuwa akihama Mwingi. Mzungu akamwachia kifaa cha betri, kidogo kama redio ya mfukoni, chenye vitaa vyekundu. Eti ukikilaza juu ya goti, maumivu yanapungua. Hakichomi, hakinuki, hata joto hakina! Nikajiambia, huyu bwana anakwepa safari ya kumpeleka mama hospitali.

Mama aliishi peke yake Migwani, na baridi yabisi ilikuwa imemkalisha. Mvua zilikaribia. Kwetu wanawake huchimbiana matuta ya shamba kwa zamu, ndiyo mwethya, na asiyekwenda kwa wenzake hapati mtu kwake. Angeshindwa kwenda, shamba lingelala, naye angehamia mjini kwa kaka yangu, jambo alilolichukia kuliko njaa.

Mume wangu alimwonyesha kazi ya kifaa akiwa mlangoni, macho ukutani, kama mkwe mwenye adabu. Alikiweka juu ya goti lake mwenyewe, juu ya suruali, akakiacha kwenye kiti akatoka.

Wiki zikapita, goti likawa lilelile. Nilichemka. Kila nikimtazama mume wangu niliona tapeli. Jumamosi moja nikaenda Migwani, nikamkuta mama amelaza kifaa juu ya leso mbili.

"Mwaitu, mwangaza utapita wapi hapo? Toa leso."

"Hiyo kitu imeguza mguu ya bwana yako," mama akasema. "Sasa niiweke kwa ngozi yangu? Mimi na yeye tuko na nthoni."

Nthoni ni ile heshima ya mkwe na mama mkwe, ambao hata kutazamana usoni hawatazamani. Nikakichukua kifaa, nikakipangusa kwa kanga yangu.

"Sasa ni yangu. Ni mimi nakupea."

Alifikiri, kisha akaniambia nifunge mlango. Akafunua mguu. Goti lote lilikuwa makovu ya kuungua, mengine mabichi. Alikuwa akijikanda kwa mawe ya moto, peke yake, ili zamu ikifika aweze kusimama. Nililia kama mtoto.

"Wacha kulia, washa," akasema. "Jumatatu wanaanza kuchimba kwa jirani."

Nikawasha. Ile taa bado sikuiamini. Niliishikilia tu pale gotini mpaka mkono ukafa ganzi.