Alichokuwa Akisema Puri

Glenys Hallam alipikia shule moja ya msingi mjini Wrexham kwa miaka kumi na minane, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na masufuria na watoto mia tatu. Akicheka jikoni kwake, sisi tulio ng'ambo ya barabara tulijua. Hapo ng'ambo ndipo lilipo duka letu la mitumba, la kuwasaidia mbwa wasio na wenyewe, ambalo nalisimamia tangu nilipohamia Benamoraz, kijiji hiki cha Uhispania, na marehemu mume wangu. Glenys alikuwa akija kunisaidia kila Jumanne. Ndiyo maana haya ninayajua, mengine kwa kuambiwa, mengine kwa kuyaona.

Walihamia wakiwa watatu: yeye, mumewe Keith, na binti yao wa pekee, Bryony, wa miaka kumi na mmoja. Keith alikuwa fundi bomba, ila baridi ya kwetu Uingereza ilimharibu mgongo. Huku akapata kazi ya kusafisha mabwawa ya kuogelea ya Waingereza wenye majumba vilimani. Kihispania alikiokota baa, akakiongea ovyo lakini bila haya, na watu wakampenda. Bryony alianza shule Septemba. Kufika Krismasi alikuwa akigombana na wenzake kwa Kihispania utadhani amezaliwa nyuma ya kanisa.

Glenys hakushika lugha. Si kwamba hakujaribu. Wiki ya tatu alikwenda buchani na kamusi mkononi, foleni imejaa akina mama. Alitaka bega la kondoo. Kuna maneno mawili yanayofanana, akachukua lile lisilo lake, akaagiza kwa sauti yake ile kilo mbili za wanaume. Bucha zima likaangua kicheko. Mama mmoja akasema ikibaki nusu kilo, Glenys amgawie yeye, maana wa kwake amechakaa. Glenys alicheka kuliko wote bila kujua kinachochekwa. Bryony alikuwa pembeni na kikapu, na aliwaona wasichana wawili wa darasa lake wakitazamana.

Toka hapo Bryony ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya mama yake. Posta, shuleni, kwa daktari, mama mbele na mtoto kando.

Jirani yao wa ukuta mmoja ni Purificación, ambaye kila mtu anamwita Puri: mjane mfupi, aproni ya maua, mikono haitulii akiongea. Mwezi ule wa kwanza alikuja na bakuli la tini. Akasimama mlangoni akaongea karibu dakika tano, kisha akanyamaza akingoja jibu, anatabasamu.

"Anasemaje?" Glenys akauliza.

"Anasema tupunguze kelele," Bryony akajibu.

"Kelele? Na hizi tini?"

"Ni za kutuomba kwa upole."

Glenys akazipokea tini, akajaribu kunong'ona asante. Alininong'onezea hadithi hiyo Jumanne iliyofuata, kama vile Puri angeweza kumsikia hadi dukani.

Basi ikawa hivyo mwaka hadi mwaka. Kila Puri akifungua mdomo, kuna lawama. Nguo zilizoanikwa zinadondosha maji upande wake. Harufu ya bekoni inamkera. Glenys alikuwa na mawaridi mekundu kando ya lango, aliyoyalea kama watoto. Puri akasimama siku moja akayatazama, akasema maneno mawili matatu, na Bryony akatafsiri kwamba yanaleta nyigu. Glenys aliyang'oa yote jioni ile, mikono ikachanika.

Alhamisi alasiri wanawake wa mtaa walitoa viti nje, wakakaa mbele ya mlango wa Puri wakifuma na kubangua lozi, soga mpaka giza. Glenys akiwa na safari ya dukani saa hizo, alizunguka kwa nyuma.

"Wananinyamazia nikipita," aliniambia. "Mwanamke wa miaka hamsini ninajificha kama nimeiba."

Mama yake Glenys alipofariki kule Wrexham, Puri alikuja tena mlangoni. Glenys alikuwa chumbani, amevimba macho. Alisikia sauti mbili, kisha mlango ukafungwa. Bryony, wakati huo kafikisha kumi na saba, akaja kumwambia kwamba jirani amesema pole, na kwamba gari la Keith limeegeshwa vibaya.

Usiku na mchana wa miaka hiyo, aliyembembeleza ni Keith. "Achana nao, mpenzi," alikuwa akimwambia. "Wahispania wa vijijini ndivyo walivyo. Una mimi, una Bryony. Wengine wa nini?" Na Glenys akaamini kwamba Mungu amempa mume.

Mwaka huu wa kumi na tatu Bryony akachumbiwa na Gonzalo, kijana wa hapa hapa, mtaratibu, mwalimu wa hesabu. Harusi ikapangwa Septemba. Glenys akaja dukani amejaa siri. Alikuwa amejiandikisha darasa la wageni pale jumba la utamaduni, Jumatatu na Jumatano, wakati Keith yuko kazini.

"Nitasimama harusini niseme kwa Kihispania," akasema. "Bryony ataanguka kwenye kiti. Usimwambie mtu, Jocelyn, nitakunyonga kwa hii mikanda."

Alisoma kama mwendawazimu. Alibandika vikaratasi vya majina ya vitu ndani ya kabati, mahali Keith asipofungua kamwe. Alisikiliza redio akipika. Mwalimu wake, bibi mmoja mstaafu, alimwambia kwamba hana kipaji lakini ana kichwa kigumu, na kwamba kichwa kigumu ni bora. Kufika Juni alikuwa akielewa taarifa ya habari na nusu ya matusi ya watoto barabarani.

Jumapili moja ya mwezi huo Gonzalo alikuja kula. Glenys aliandaa chakula cha Jumapili cha kwao, nyama ya kuoka, viazi na mchuzi mzito, joto la digrii thelathini na sita. Mezani wale watatu wakahamia Kihispania kama kawaida yao, naye akaendelea kugawa mboga, moyoni anachekelea kwa sababu leo alikuwa akiwafuata.

"Hivi mama yako ana ugomvi gani na Puri?" Gonzalo akamwuliza Bryony. "Ni shangazi yake mama yangu, hatuwezi kuacha kumwalika harusini. Lakini anasema hatakaa ukumbi mmoja na mtu aliyemkataa miaka yote hii."

Bryony akacheka kidogo. "Mama hajamkataa mtu. Ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Nilikuwa mtoto, Gonzalo. Puri alikuja kumwalika kwenye viti vyao vya Alhamisi. Mama mwenyewe unamjua, angekaa pale anapiga makelele, wenzangu shuleni wangenimaliza. Nikamwambia mama kwamba Puri analalamika kelele. Na Puri nikamwambia mama hapendi wageni. Basi, ukishaanza, kila akija inabidi utafute lawama nyingine. Puri akisifu mawaridi, mimi nasema nyigu!"

Keith alikuwa keshaanza kutikisika mabega. "Ile ya nyigu," akasema, "nilitoka nje kwenda kucheka."

Gonzalo akaweka uma chini. "Mzee, kumbe ulijua?"

"Toka mwaka wa kwanza. Sasa ningesema ili iweje? Hao wawili wangekutana, mimi ningekula saa ngapi? Hivi nikirudi namkuta, chai iko mezani. Amani tupu."

"Lakini yuko hapa hapa anasikia."

"Nani? Tazama." Keith akamgeukia mkewe, uso umejaa tabasamu, akamwambia kwa Kihispania, taratibu na kwa sauti tamu: "Glenys, nyumba inaungua. Sote tutakufa. Unaonaje?"

Glenys alilielewa kila neno. Aliniambia baadaye kwamba hata kosa la sarufi alilisikia. Alisimama na bakuli mkononi, akamtazama mumewe, akasema kwa Kiingereza, "Mchuzi bado upo, anayetaka."

Keith akapiga meza. "Umeona?"

Bryony akacheka. Gonzalo peke yake hakucheka, na hakumaliza nyama yake.

Jumanne Glenys alikuja dukani mapema, akaketi juu ya rundo la makoti, mkoba bado begani. Neno la kwanza alilosema ni, "Jocelyn, niling'oa mawaridi." Kisha akanisimulia yote. Hakulia. Nilitaka kumshika mkono, akautoa, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeungua ambaye hajajua bado ni wapi.

"La Bryony naweza kulitazama," akasema. "Mtoto alitishwa na wenzake. Lakini Keith alinishika kichwa kitandani miaka kumi na mitatu akiniambia ndivyo walivyo. Anajua sivyo walivyo. Anawapenda, anakunywa nao. Aliniuzia watu wabaya ili nibaki nyumbani kumchemshia chai."

Alhamisi hakuzunguka kwa nyuma. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Puri, akabisha. Ameniigizia mazungumzo yao mara nyingi, sauti zote mbili.

"Mimi Glenys," alianza. "Mimi kutaka kusema. Binti yangu alisema maneno siyo yako. Alisema maneno siyo yangu. Mimi sikujua kitu."

Puri akamtazama toka viatu hadi nywele. "Kumbe unaongea."

"Kidogo. Miezi minne."

"Mama yako alipofariki, nilileta supu ya kuku," Puri akasema. "Nilisema njoo ulie kwangu, usilie peke yako. Binti yako akasimama hapo akaniambia mama hataki vyakula vya watu. Akanirudishia sufuria ingali ya moto."

Hilo Glenys hakuwa amelisikia mezani. Akashika fremu ya mlango.

"Mimi ningekunywa," akasema. "Supu. Yote ningekunywa."

Puri akaanza kukasirika, na hasira yenyewe haikujua imwendee nani. "Unajua nimekusengenya miaka mingapi? Mtaa mzima nimeuambia wewe ni mwenye majivuno. Padri nimemwambia. Sasa masengenyo yote hayo niyapeleke wapi, mwanamke wewe?"

"Mimi pia," Glenys akasema. "Kwa Kiingereza."

Puri akaguna kitu kilichokaribia kucheka. Lakini hakumkumbatia, wala Glenys hakuniletea simulizi ya kukumbatiwa. Puri alimwambia kwamba wale wa Alhamisi hawapo tena: wawili wamefariki, mmoja amechukuliwa na mwanawe Málaga. Amebaki yeye na wifi yake asiyesikia, na siku hizi wanakaa ndani mbele ya televisheni. "Umechelewa," akasema. "Njoo ukitaka. Lakini umechelewa."

Jumamosi mchana Bryony alipita na vipande vya vitambaa vya meza za harusi ili mama achague. Glenys akamwita Keith aingie kutoka uani, akawaambia wote wawili kwa Kihispania wakae, maneno ameyafanyia mazoezi siku mbili. Bryony aliangusha vitambaa.

"Tangu lini..." akaanza.

"Tangu Februari. Ilikuwa zawadi yako."

"Mama, nilikuwa na miaka kumi na mmoja!"

"Huyo nimemsamehe. Supu ya msiba wa bibi yako uliirudisha una kumi na saba. Na huyu wa ishirini na nne aliyecheka mezani pangu, huyo ndiye namwuliza."

Bryony akalia. Keith akajaribu utani, akaona hautembei, akasema kwa Kiingereza, "Glenys, ilikuwa ndogo tu, ikakua yenyewe. Nilikuwa nakulinda usiumie."

"Ongea lugha unayoijua vizuri," Glenys akamwambia. "Ile unayonichekea."

Keith akatafuta la kusema kwa Kihispania. Mwanamume aliyekuwa akichekesha baa nzima hakupata hata sentensi moja.

Harusini alikwenda, amevaa gauni la buluu tulilolipata dukani kwangu. Alisalimia kila mtu, akapiga picha zote alizotakiwa kupiga. Ilipofika zamu ya wazazi kuhutubu, Bryony alimtazama, akatazama tena, na Glenys akabaki amekaa, akamsukumia bwana harusi sahani ya lozi. Gonzalo ndiye peke yake aliyeinama kumbusu mkono. Hotuba ya Kihispania aliyoiandika, kurasa mbili zilizosahihishwa kwa wino mwekundu, alikuwa amekwisha kuichoma jikoni.

Oktoba alihama. Amepanga chumba juu ya duka la mikate, na anapika mchana katika nyumba ya wazee, ambako wanalalamikia mchuzi wake na kuumaliza. Keith bado anasafisha mabwawa. Huja dukani kwangu kuuliza kama Glenys amesema lolote juu yake, na ninamwambia akamwulize mwenyewe. Amekonda. Sijui kama ni majuto au ni kujipikia.

Bryony humpigia mama yake simu kila Jumapili. Glenys hupokea, na huongea naye Kihispania tu. Nimekuwapo mara mbili nikamsikia binti akimsihi, "Mama, tafadhali, Kiingereza." Kwa maana kwa Kihispania mama yake ni mtu mwingine: sentensi fupi, sahihi, bila mizaha, bila yale majina ya utani aliyomwita tangu utotoni. Humwuliza afya, humwuliza kazi, humtakia wiki njema, hukata.

Nilimwuliza kama hiyo ni adhabu. Alikuwa akikunja masweta.

"Hapana," akasema. "Ila kwa Kiingereza nitamsamehe haraka mno, na bado sijamaliza kukasirika."

Kisha akaniomba nimsogezee lile sanduku la viatu, tukaendelea kutafuta pea.