Shikamoo Isiyoitikiwa

Kilichonitia wasiwasi tangu mwanzo ni kwamba walinipokea vizuri mno. Mimi nimekulia Ngokolo, Shinyanga mjini, na ofisi za serikali nazijua. Unafika na barua yako ya chuo, unaambiwa mhusika katoka, rudi kesho. Ukirudi kesho, mhusika yupo kikaoni. Nilikuwa nimejiandaa kuzungushwa wiki nzima. Badala yake, asubuhi ile nilipoingia ofisi ya madini, katika mji mmoja wa wachimbaji ukishapita Runzewe, mzee mwenye kitambi cha heshima aliinuka nyuma ya meza yake, akanipa mkono, akasema, "Karibu sana, mwanangu. Tulikuwa tunakusubiri."

Mmh. Tangu lini?

Nilikuwa mwaka wa pili, na likizo ndefu ndiyo ya kwenda fildi: unashikizwa ofisi fulani, unajifunza kazi, msimamizi anakupa alama zako unarudi nazo chuoni. Yule mzee ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Hata sijakalia kiti nilichoonyeshwa, akaniambia nisihangaike na mahali pa kulala. Chumba wameshanitafutia, kupitia dalali, kwa mama mmoja mjane, mtu mwema, mtaa wa karibu tu. Hapo machale yakanicheza kabisa. Bosi gani anamtafutia chumba mwanafunzi wa fildi, tena wa kike?

Jioni nikampigia mama.

"Kakutafutia chumba? Yeye kama nani yako?"

"Msimamizi, mama."

"Msimamizi wa kazi, au wa kulala?" Mama yangu huwa hazunguki. "Komeo la ndani lipo? Dirisha lina nondo? Haya. Lifti usipande. Na akikuangalia, wewe muangalie anaangalia wapi."

Simlaumu. Wenzangu wamerithi pua na nywele za mama zao, mimi nilirithi mashaka. Nikipewa zawadi naigeuza nione upande wa pili, na mtu akinisifu nataka kwanza kujua anataka nini.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vimetazamana, uwanja katikati. Mwisho wa uwanja palikuwa na ukuta wa mabati chakavu, marefu kuliko mtu, yaliyoziba ua wa nyuma. Choo kilikuwa pembeni mwa hayo mabati. Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mrefu, mikono mikubwa, mzaliwa wa Samuye. Aliposikia natokea Shinyanga, nusura anibebe mgongoni.

"Karibu, ng'wanone! Mwanangu wa nyumbani kabisa!"

Akanisongea ugali na nsansa, yale majani makavu ya kunde aliyoyaunga kwa karanga, na tukapiga soga kama watu waliopoteana. Nilicheka mpaka nikasahau mashaka yangu. Kisha akauliza fildi nafanya ofisi gani.

"Madini," nikasema.

Mkono wake ukasimama juu ya sufuria. "Aha," akasema. Akainuka, akaenda kulala, na kuku wake walikuwa bado hawajaingia bandani.

Asubuhi nikamkuta anafagia. "Shikamoo, mama."

"Mhola," akajibu, bila kunitazama. Hiyo ni salama ya Kisukuma, jibu unalompa hata mpita njia. Nikasema labda hakunisikia. Jioni nikarudia: "Shikamoo, mama." "Mhola." Kesho yake, mhola. Siku ya tatu nilimsogelea hadi karibu nimkanyage, nikaitamka shikamoo yangu silabi kwa silabi kama mtoto wa chekechea. Mhola! Kwetu, mtu mzima asiyekuitikia shikamoo ana jambo na wewe, na jambo lenyewe si la sabuni iliyopotea bafuni.

Isitoshe, alishanipiga marufuku kwenda ua wa nyuma. "Huko usiende. Kuna mbwa mkali."

Mbwa gani asiyebweka? Nililala nyumba ile siku zote hizo na sikusikia hata akikohoa. Nilichokisikia ni maji yakimwagwa, wanawake wakinong'ona, na kitu kikikwanguliwa, taratibu, kwa muda mrefu. Neno lilinijia kichwani ambalo kwetu halisemwi hovyo, kwa sababu limeshawaua wanawake wengi wasio na hatia, waliosingiziwa kuloga. Sikulitamka, hata kwa mama. Lakini mwenye nyumba aliponiletea sahani ya michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa, nilisema wabeja, asante, nikafunga mlango, kisha nikawamwagia kuku wake kupitia dirishani. Nikakaa kuwatazama. Kuku walikula, wakanya, wakaendelea na maisha yao. Siku iliyofuata nilikula mwenyewe, kwa hasira, na ilikuwa mitamu.

Kazini nako nilikuwa napanga mafaili, nachemsha chai, nasikiliza wakubwa. Wiki ile ya kwanza nilipewa taarifa niisome kwa sauti mbele ya wafanyakazi, nami nikaisoma kwa kujiamini: serikali inakusanya mrahaba. Mzee alicheka hadi akavua miwani.

"Mrabaha, mwanangu! Mrabaha ndiyo haki ya serikali kwenye dhahabu. Marahaba wewe itunzie shikamoo."

Basi ikawa wimbo wa ofisi. Nikipita, huyu anasema "Shikamoo!", yule anajibu "Mrabaha!", wanagongeana mikono. Nilicheka nao, nitafanyaje. Niliona tu uchungu kwamba ofisini shikamoo inaitikiwa kwa mzaha, na nyumbani haiitikiwi kabisa.

Mzee alikuwa mkarimu hivyohivyo kila siku, na mimi nilimwogopa kila siku zaidi. Tatizo lilikuwa macho yake. Nikiingia asubuhi hayakuanzia usoni kwangu. Yalianzia miguuni, na yalikaa hukohuko.

"Umelalaje? Hapo nyumbani maji yapo?"

"Yapo."

"Mengi?"

Swali gani hilo? Nikamwambia mama. Akasema, "Nilijua! Hao huanzia chini wakapanda. Funika miguu." Nikaenda sokoni nikanunua sketi ndefu, ndefu kwelikweli, inafagia njia. Nikaingia nayo ofisini nikijiona nimemkomesha. Mzee akautazama upindo wake kwa makini, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi akaona chumvi imekolea.

"Sketi nzuri," akasema.

Weee! Tangu siku hiyo nikawa nakaa na mkoba mapajani, na mlango wa ofisi nauacha wazi.

Jumamosi moja upepo ulivuma ukang'oa bati moja nyumbani. Nilikuwa natoka chooni, pengo likawa mbele yangu, na macho hayana pazia. Mbwa hakuwepo. Palikuwa na ubao mrefu ulioinamishwa, umetandikwa gunia, na mama mwenye nyumba na wanawake wenzake wawili wameuinamia, wanamwaga mchanga wa mawe yaliyosagwa, wanamwaga maji, dhahabu inanasa kwenye gunia, maji yanateremka shimoni yakiwa ya kijivu kama ya kusuuzia simenti. Mwalo. Nilishasoma ofisini kwamba mialo haitakiwi kuwa majumbani, kwa sababu ya zebaki inayotumika kuikamatia dhahabu, bali maeneo yaliyotengwa nje ya mji.

Wenzake walikimbia. Yeye alibaki kaduwaa na karai mkononi.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

"Basi mbwa ndiye huyo."

Akakaa chini, hapohapo kwenye matope, akaongea. Marehemu mumewe hakumwachia kitu ila nyumba ile na shimo lile. Alishakwenda mara kadhaa kuomba nafasi huko kulikotengwa, na kila mara aliambiwa aje na mwenye leseni, naye mwenye leseni hamjui. "Huu mwalo wakiuvunja, nyumba nauza. Narudi Samuye kukaa kwa kaka yangu, niwe mgeni wa wifi na uzee huu." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu ile jioni ya ugali. "Utaenda kunichoma?"

"Sitasema. Hata mama yangu sitamwambia."

Na sikusema, Mungu anajua. Nilikula buyu. Ila pale swali nililolibeba muda mrefu likatoka lenyewe na machozi: "Sasa mbona huniitikii shikamoo? Nimekukosea nini?"

Jamani, akacheka! Akajifuta uso kwa mkono wenye matope. Akanieleza kwamba zamani alikuja afisa mmoja mcheshi, akawasalimia wanawake wa mwalo kwa adabu zote, shikamooni mama zangu. Wakaitikia kwa pamoja, marahaba. Afisa akasema, "Asanteni, mmeitaja wenyewe, mrahaba," akawaita wenzake waliokuwa nyuma ya gari, wakazoa kila kitu. Pengine alitania tu. Wao hawakuona utani. Tangu hapo mwanamke wa mwalo hamtamkii mtu wa serikali neno hilo, hata awe mtoto aliyemzaa.

"Siku ukifunga mizigo yako kurudi kwenu, na mabati yangu bado yamesimama," akasema, "nitakuitikia mpaka mtaa mzima usikie. Hilo ni deni langu kwako, nidai."

Tulilirudisha lile bati pamoja. Baada ya hapo bado nilipata mhola, lakini ilikuwa mhola ya mtu anayenitazama usoni, na michembe nilikula kutoka chungu kimoja naye. Mashaka yangu yote nikayahamishia kwa mzee. Nilimtegea sikio, nilimpima kila neno. Akiniuliza habari za nyumbani nilimjibu habari za Ngokolo. Nilijiona mjanja ajabu. Fildi ilikuwa inaelekea ukingoni, mabati yamesimama, na nilishaanza kuisubiri ile marahaba yangu kuliko alama za chuo.

Asubuhi moja mzee akasema, "Leo tunakwenda uwandani. Panda gari."

Nikakumbuka la mama kuhusu lifti, lakini ndani ya gari walikuwamo wafanyakazi wengine na mgambo wawili wenye mitaimbo, kwa hiyo nikapanda, nikakaa mlangoni, nikakishika kitasa. Tukapita soko. Tukapita mashine za kusagia mawe. Tukakata kona kwenye duka la Mhindi ninaponunulia sabuni. Njia hii naijua, nikajisemea, njia hii naijua mimi. Gari likasimama mbele ya geti letu.

"Bosi, mimi sikusema chochote!"

"Najua," akasema, kwa upole kabisa, kama baba. "Wewe ni mgumu, nimekuchimba nimechoka." Akaninyooshea kidole miguuni. "Udongo wa mji huu ni mwekundu, mwanangu. Kila asubuhi wewe unatuletea wa kijivu. Nyumba hii tuliihisi muda mrefu, uhakika ndio tulikuwa hatuna. Hiyo sketi yako ndiyo iliyomaliza kazi."

Nikainama nikatazama. Maji ya mwalo yalikuwa yanapenya chini ya mabati, yanakatiza njia ya chooni. Kila asubuhi nilikuwa nayakanyaga. Upindo wote wa sketi, ile niliyoinunua ili nijifunike asinione, ulikuwa umeganda kijivu.

Walishaingia. Mabati yalianguka moja baada ya jingine kwa kelele ya kupasua masikio. Mgambo wakauvunja ubao, wakalifukia shimo, mmoja akabandika karatasi ya zuio ukutani. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama katikati ya uwanja, karai mkononi. Halafu akaniona nashuka kwenye gari, nikiwa katikati yao.

Nilitaka kumweleza habari ya udongo. Nilitaka kumwambia kwamba mimi mwenyewe nilitegwa, nilitumwa bila kujua. Kilichotoka mdomoni ni kile ninachomwambia kila asubuhi.

"Shikamoo, mama."

Akaliweka karai chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, polepole, akanitazama usoni.

"Marahaba!" akaitikia, kwa sauti iliyowatoa majirani nje. "Marahaba, mtoto wa serikali! Marahaba!"

Mzee akatabasamu, akamwinamia kidogo, kwa ukarimu wake uleule. "Inaitwa mrabaha, mama."

"Najua nilichomwitikia," akasema, akaingia ndani kwake.