Idi Ambayo Hakuna Aliyebisha Hodi

Nakumbuka, mwanangu, Idi moja hapa Hodge Hill, huku Uingereza, ambayo nilipika sufuria kubwa ya pilau, na hadi adhuhuri hakuna aliyekuja kula.

Miezi michache kabla, mtoto wetu wa kwanza, tuliyemlea kama binti, alituketisha sebuleni. Kwa Kiingereza chake cha watoto waliozaliwa huku, akatuambia kwamba yeye ni mwanamume na jina lake sasa ni Samir. Nikamwambia sielewi, lakini hapa ni kwao na haondoki. Baba yake aliinuka akatoka. Tangu siku hiyo akawa anakula chumbani.

Habari ziliwafikia Wazanzibari wenzetu kabla sijajua nizisemeje. Hakuna aliyenitukana. Simu tu zilinyamaza. Katika arusi moja nilikaa, na viti vya pembeni yangu havikupata watu. Dada yangu, anayeishi mtaa wa tatu tu, aliniambia, "Tutakuja mambo yakitulia." Upweke wa namna hiyo ni mgumu, mwanangu. Huna msiba, basi hakuna wa kukupa pole. Huna sherehe, basi hakuna wa kukupongeza.

Alasiri ya Idi hiyo akaja Mama Furaha, jirani yetu Mkongo. Mkristo yule, Idi si yake. Akaketi jikoni.

"Mama, miye ile mambo sielewi bado," akasema. "Lakini weye, umekula?"

Nililia mpaka ushungi ukalowa. Hakunihubiria. Alipakua, akamwita Samir aje kula, akakosea jina, akajisahihisha, wakacheka wote wawili. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomtoa mume wangu chumbani. Alisimama mlangoni, kisha akavuta kiti. Na Samir alipopata miadi kwa daktari, baba yake ndiye aliyempeleka.

Dada yangu hajaja mpaka leo.

Basi, mwanangu, ukisikia familia imefikwa na jambo hili, usingoje kwanza uelewe. Nenda. Usimdadisi mtoto habari za mwili wake. Mwite kwa jina alilokuambia, na ukikosea, sahihisha uendelee. Muulize mama kama amelala. Mtafute baba, kaa naye, hata akinyamaza.

Mungu akupanulie moyo, akujaalie watu wa kukujia siku utakapowahitaji. Amina.