Mzunguko wa Tatu

Wewe utasema nazidisha chumvi, na ningekuwa mimi nnayesikiliza ningesema hivyo hivyo. Nyumba ya bibi yangu, kule Mji Mkongwe, siku hizi ni hoteli. Mwezi uliopita niliingia kuitazama tu, nikamwambia msichana wa mapokezi kwamba nimekulia humu. Akaangaza huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Basi nambie, Bi. Nani huyo anayesema 'Tena' kule juu?"

Mwili ulinisisimka pale pale.

Nilikuwa na miaka tisa mjomba aliponiletea kutoka Dubai viatu vya magurudumu, vyekundu, vizito ajabu. Kila alasiri, mkate wa kumimina ukiiva jikoni, moto juu moto chini, mie niko uani kwenye marumaru najifunza kuzunguka pale pale niliposimama, bila ya kushika nguzo. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, puu! Mwaka mzima magoti yangu hayakuwa na ngozi.

Bibi macho yalikuwa yameshakwenda. Akikaa kwenye roshani, juu yangu, na tasbihi yake, akinihesabia kwa masikio: kila mzunguko anasukuma punje moja, tk. Nikianguka hanipi pole, hata siku moja. "Tena!" atasema. "Utazame mlango, usitazame miguu." Nami kwa ubishi wangu nikitazama miguu.

Siku moja nikachoka. Nikalia kwa hasira, nikamwambia naacha. Bibi akacheka. "Acha ukitaka. Mimi sitoki humu mpaka niusikie wa tatu."

Nilivitupa vile viatu chini ya ngazi, sikuvivaa tena. Mwezi haukwisha, bibi akafariki, kwenye kiti kile kile cha roshani. Waliomkosha walisema vidole vyake vilikuwa vimeshika punje ya tatu, na kazi ilikuwa kuviachanisha. Halafu nyumba ikauzwa.

"Kila alasiri, Bi," yule msichana akanambia. "Kama shanga zinagongana. Moja, mbili, kimya. Halafu 'Tena.' Wageni wanadhani redio. Mie nshazoea, lakini peke yangu sipandi."

Nje waliadhini alasiri. Nikavua viatu. Mtu mzima mimi, na buibui langu na magoti yangu haya, nikasimama katikati ya meza zao za kahawa. Sikuwa na magurudumu, lakini marumaru ni yale yale, yanateleza. Nikautazama mlango.

Wa kwanza. Kule juu ikalia, tk. Wa pili. Tk. Kichwa kilinizunguka, nikaung'ang'ania mlango kwa macho. Wa tatu.

Tk.

Tukangoja, mimi na yule msichana, kajiziba mdomo kwa mtandio. Tukangoja mpaka kahawa za wageni zikapoa. 'Tena' haikuja. Kikapita kiupepo cha udi pale mlangoni, basi.

"Alhamdulillahi," msichana akasema, akacheka, akaenda zake kupokea simu. Mimi nikakaa chini kwenye marumaru nikalia kama mtoto. Miaka yote hii bibi alikuwa pale juu ananingoja, na mie sijui. Lau ningefikiri kidogo, ningeanguka makusudi, nimsikie japo mara moja akisema 'Tena.'