Mkwe Asiyevuka Mlango wa Zizi

Kabla jua halijagusa mabati ya Turffontein, Amisa amekwisha kufika kilimani. Anaegemeza ufagio wake ukutani, anafunga kanga kiunoni juu ya sare ya kazi, kisha anainamisha kichwa kidogo.

"Shikamooni," anayaambia mawe.

Hakuna anayeitika. Amisa hashangai, kwa kuwa hiyo ndiyo salamu yake ya kila asubuhi na hajapata kuitikiwa hata mara moja. Anaushika ufagio na kuanza kufagia njia inayouzunguka ukuta, akirudi kinyumenyume ili asikanyage alipokwisha kufagia.

Ukuta wenyewe ni mviringo wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, nao humfika mtu mzima kifuani. Una mlango mmoja tu, unaotazama upande ambako jua huchomoza mwezi wa Desemba. Wenyeji wa kale wa vilima hivi vya kusini mwa Johannesburg, mababu wa Watswana, waliujenga zamani sana, kabla mtu yeyote hajafikiri kuchimba dhahabu hapa. Ndani yake walilaza ng'ombe wao.

Leo ni siku ndefu kuliko zote za mwaka. Taa za magari zinaupanda mlima moja moja, na wanaoteremka garini ni watu wa kila namna: wastaafu Wazungu wa vitongoji vya kaskazini waliovaa mataji ya maua, vijana waliobeba mikeka, wanandoa walioviringisha watoto wao katika mablanketi. Wamekuja kulipokea jua litakapopenya mlangoni. Kwamba hapa palikuwa zizi wanajua vizuri, wala hawajali.

"Hata ng'ombe walipenda kuota jua," anasema bibi mmoja mwenye taji, akicheka.

Wote wanaingia. Amisa anabaki nje.

Hénock, fundi cherehani Mkongo mwenye kibanda katika Barabara ya Jules kule Malvern, hualikwa kila mwaka kuwapigia ngoma. Anapita mlangoni na ngoma yake begani, anageuka.

"Mama Amisa, unachungaka nyumba yenye hauingiaka! Hata salon ya kupokelea wageni haujaona?"

"Piga ngoma zako, mwanangu," Amisa anamjibu bila kuacha kufagia. "Mgeni huingia popote. Mwenye mipaka ni mkwe."

"Basi mimi mugeni, nitakuonea jua yako!"

Watu wanacheka. Amisa naye anacheka, lakini macho yake yanarudi kwenye njia iliyo chini ya kilima. Asubuhi hii anamtazamia mtu.

Amisa alizaliwa Morogoro, na huko ndiko alikokutana na Kagiso, mmoja wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliopewa hifadhi Tanzania. Yeye alikuwa akishona sare, Kagiso alikuwa akifundisha hesabu. Walioana mbele ya kadhi, wakaishi katika nyumba ya matofali ya kuchoma, hadi milango ya Afrika Kusini ilipofunguliwa na wahamishwa wakaanza kurejea makwao.

"Tulifika huku na masanduku mawili na cherehani," anakumbuka. "Mavyaa yangu alikuwa amekwisha kufariki. Hakuna aliyenipokea mlangoni. Nilikuwa mke wa mtu, lakini kwa jamaa zake sikuwa mkwe wa mtu."

Aliyelishikilia neno hilo kuliko wote ni Lerato, dada mkubwa wa Kagiso. Yeye hakuwahi kumtukana wifi yake wala kumfukuza. Alimwita "mama yake Emmy", jina la binti aliyezaliwa mwaka wa pili baada ya kufika kwao, na hakumpa jina jingine. Kwa Lerato, mdogo wake alikuwa amejichukulia mke ugenini kama anayeokota kuni njiani, pasipo kuuliza nyumbani wala kuwaambia wazee. Kagiso alipofariki, hata hayo machache waliyokuwa wakizungumza yalikauka.

Kagiso aliamini kuwa zizi hili lilijengwa na watu wa ukoo wake. Bibi yake ndiye aliyemwambia hivyo. Hakuna awezaye kulithibitisha, kwa maana mawe hayataji majina ya walioyapanga. Hata hivyo, kazi ya utunzaji wa kilima ilipotangazwa, Amisa aliiomba akiwa bado katika eda, akaipata alipoimaliza. Mshahara wake unatosha kodi ya vyumba viwili na chakula, na katika mwezi mzuri hubaki kidogo cha kuwatumia wadogo zake Morogoro.

Tangu siku hiyo hajauvuka mlango. Majani ya ndani huyavuta kwa reki yenye mpini mrefu, akiupitisha juu ya ukuta, na sehemu ya katikati ambako reki haifiki humwachia kibarua wa kufyeka. Jua la siku hii ya leo amekuwa akilitazama akiwa nyuma ya ukuta, likiwa limekwisha kupita juu ya vichwa vya watu.

Sasa namna hiyo ya kufanya kazi imefika ukingoni. Wageni wamekuwa wakipanda juu ya ukuta ili wapigwe picha, na mawe yameporomoka mahali pawili. Bwana Clinton, msimamizi wa kilima, ameagiza kwamba kuanzia Januari mtunzaji aingie ndani pamoja na kila kundi na akae nalo hadi mwisho.

"Ninamheshimu sana Mama Amisa," anasema Bwana Clinton, ambaye naye ameamka mapema kuja kushuhudia. "Lakini siwezi kuwa na mtunzaji anayewaacha wageni mlangoni. Kama haingii, itanibidi nitafute anayeingia."

Emmy, ambaye hukielewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, amemsihi mama yake majuma mazima. "Eish, Mama! Ni hatua moja tu. Nani atakuona?"

"Mimi nitajiona," mama yake alimwambia.

Si kwamba anaogopa mizimu. "Mimi ni Mwislamu, namsujudia Mungu mmoja," anasema. "Wakwe siwasujudii, nawaamkia tu. Lakini nikivuka mlango huu kwa amri ya ofisi, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mpita njia kama hao wengine. Kazi nitaipata nyingine, hata ya kufagia stesheni. Mume sipati mwingine wa kunifanya mtu wa mahali."

Ndipo Emmy alipompigia simu shangazi yake. Hakumweleza mengi. Alimwambia tu aje kilimani siku hii, aone mama yake anasimama wapi.

Mbingu zinaanza kuwa na rangi ya papai. Ngoma ya Hénock inapiga polepole. Kwenye njia iliyofagiwa anatokea Emmy, amemshika mkono kikongwe mwenye blanketi lililobanwa kwa pini begani. Lerato anapumua kwa shida, lakini anakataa kuketi.

Amisa anaweka ufagio chini. "Shikamoo, wifi."

Lerato hajibu salamu asiyoijua. Anautazama mlango, anawatazama walio ndani, kisha anamtazama mwanamke aliye nje.

"Nani alikuambia usiingie?" anauliza kwa Kiingereza.

"Kagiso."

"Lini?"

"Siku ya kwanza aliyonileta hapa kilimani. Masanduku tulikuwa bado hatujayafungua."

"Alisemaje? Nipe maneno yake, si yako."

Amisa anayatamka kwa Kitswana, kama alivyoyashika siku ile kabla hajakielewa: kwamba bibi harusi wa nyumba hii hapiti hapa mpaka rakgadi amshike mkono. Rakgadi ni dada wa ukoo, mwenye mamlaka ya kumwingiza mkwe kwa wazee. Katika nyumba ya Kagiso, rakgadi ni mmoja tu, naye ndiye anayehema mbele yake.

Jua linachomoza wakati huohuo. Mwanga unapenya mlangoni kama maji yaliyofunguliwa mfereji, na walio ndani wanapiga vigelegele. Wanawake hawa wawili hawageuki kulitazama.

"Sheria hiyo haambiwi mgeni," hatimaye Lerato anasema. "Nilidhani hakukuambia chochote. Nilidhani alitusahau sote." Anafuta uso kwa pindo la blanketi. "Mbona hukuniambia, miaka yote hii?"

"Nilikuwa nikingoja mkono, wifi. Mkono hauombwi."

"Nami nilikuwa nikingoja kuombwa."

Emmy anaangua kicheko ambacho nusu yake ni kilio. Hénock, ambaye ameona yote kwa mbali, anaacha ngoma na kupaza sauti: "Bon! Muingizeni basi, mama, jua iko moto!"

Watu wanageuka, wengine wanaanza kupiga makofi. Lerato anainua fimbo yake, makofi yanakoma.

"Si leo," anasema. "Mkwe wetu haingizwi nyumbani kwa ngoma ya kukodi, mbele ya watu wenye maua kichwani."

Bibi mwenye taji anacheka kuliko wote. Analivua na kulificha nyuma ya mgongo.

Siku inapangwa papo hapo, wakiwa wamesimama. Itakuwa baada ya mavuno ya mtama, kabla baridi haijakaza, wazee waliobaki wa ukoo wakiwapo. Lerato anataja pombe ya kuwapokelea wazee, Amisa anatikisa kichwa: pombe hapiki.

"Basi utapika uji mchachu wa mtama," anaamua Lerato baada ya kufikiri. "Wazee hawakuishi kwa pombe tu. Walikuwa na matumbo pia."

Bwana Clinton, aliyekuwa akisikiliza kwa adabu, anakuna kidevu. Januari na mavuno havikaribiani. "Nitazungumza na wakubwa wangu," anasema. "Siahidi."

"Usiahidi, baba," Amisa anamwambia. "Wakikataa, sitawalaumu. Nitarudi siku hiyo bila sare."

Wageni wanapoondoka, wakiliacha taji moja la maua juu ya ukuta, Amisa anaeleza matumaini yake. Anataka kujifunza kupika uji huo kwa Lerato mwenyewe, kila Jumapili, hadi awe haulizi tena kipimo. Anataka kuyarudisha mawe yaliyoporomoka, akiwa upande wa ndani ambako mkono hufika vizuri. Na Desemba ijayo, awe na kazi au hana, anataka kusimama katikati ya zizi siku ndefu kuliko zote, jua limjie usoni.

Lerato amekaa juu ya mwamba akipumzika kabla ya kuteremka. Anamvuta Emmy karibu na kumnong'oneza. Emmy naye anamnong'oneza, mara mbili, kama anayemfundisha mtoto kutamka.

"Nimemuuliza binti yako wewe huyaambia nini mawe kila asubuhi," Lerato anamwambia Amisa kwa sauti, akijiinua kwa fimbo. "Na nimeuliza walioyapanga wangepaswa kujibu nini."

Anautandaza mkono wake juu ya ukuta, pale palipoegemezwa ufagio.

"Marahaba," anasema.